Kamani na Hewa: Kufunga Mifuko ya Hewa Katika Pikapu Kuukuu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii humlenga binadamu asiyehisi uzito ulio mgongoni mwa mwenzake, lakini yaweza pia kuelekezwa kwa mwenye gari. Pikapu hailii wala hainung'uniki. Ikitwikwa kupita kiasi huinama nyuma, taa zake za mbele zikamulika vilele vya miti badala ya barabara, na safari ikaendelea. Hali hii ni ya kawaida nchini Kenya. Pikapu hubeba miraa kutoka Maua zikikimbizana na saa ya ndege jijini Nairobi. Hubeba viazi kutoka Kinangop, maziwa kutoka Githunguri, na mbao, saruji na nyasi za ng'ombe kwingineko. Nyingi miongoni mwazo ni magari yaliyoundwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na karibu zote zimesimama juu ya kamani za mabapa ya chuma katika magurudumu ya nyuma.

Miongoni mwa wenye magari hayo umezuka mtindo wa kuongezea kamani hizo mifuko ya hewa. Wapo wanaouona mtindo huu kuwa dawa ya kila ugonjwa wa gari lililochoka. Wapo pia wanaoudharau, wakidai kwamba mpira hauwezi kubeba kilichomshinda chuma. Pande zote mbili zina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari panapohusika breki, mteremko na maisha ya watu. Makala haya yananuia kueleza jinsi kamani ya mabapa inavyofanya kazi, jinsi hewa inavyoweza kuisaidia au kushika nafasi yake, namna kazi yenyewe inavyotekelezwa, na mipaka ambayo mwenye gari hana budi kuijua kabla ya kufungua mfuko wake wa fedha. Mfano utakaorejelewa zaidi ni Toyota Hilux ya miaka ya themanini na tisini, kwa kuwa gari hilo, ambalo uzao wake wa kwanza ulitoka mwaka wa 1968, linajulikana na kila fundi wa Kirinyaga Road na kila mkulima wa Meru.

Kamani ya Mabapa: Umbo na Kazi Zake

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Katika gereji neno linalotawala ni springi. Hata hivyo, Kiswahili kina neno la zamani zaidi, kamani, ambalo wengi hulikumbuka katika muktadha wa saa ya kujazwa kwa mkono. Neno hili lina uhusiano na neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Kwa bahati njema, maana hiyo inaafiki kikamilifu umbo la kamani ya pikapu. Yeyote atakayeinama nyuma ya Hilux ataona upinde wa chuma uliolala, ncha zake zikielekea juu na tumbo lake likielekea chini.

Upinde huo si wa bapa moja. Ni mabapa kadhaa yaliyopangwa moja juu ya jingine, kuanzia refu hadi fupi. Bapa refu kuliko yote ndilo bapa kuu, nalo lina tundu la duara katika kila ncha. Tundu la mbele hufungwa kwenye chesisi kwa bolti inayopita ndani ya bushi ya mpira. Tundu la nyuma halifungwi moja kwa moja. Huning'inizwa kwa pingu inayobembea. Sababu yake ni kwamba upinde unapokandamizwa hunyooka, na unaponyooka hurefuka. Laiti ncha zote mbili zingefungwa kikiki, kamani isingepata nafasi ya kurefuka na ingevunjika mapema. Katikati, mabapa yote hupitiwa na bolti moja ambayo kichwa chake huketi katika kitako cha ekseli, kisha bolti zenye umbo la herufi U huibana kamani na ekseli zikawa kitu kimoja.

Kutokana na maelezo hayo, kazi tatu za kamani zinajitokeza. Kwanza, hubeba uzito na kupunguza kishindo cha barabara. Pili, huishikilia ekseli mahali pake, isisogee mbele wala nyuma, kushoto wala kulia. Tatu, huizuia ekseli isijipindue pale injini inapovuta na breki zinapokamata. Watu wengi huiona kazi ya kwanza pekee. Kosa hilo la uelewa ndilo huzaa makosa mengi ya ufundi, kama itakavyodhihirika hapa chini.

Mabapa yanapochoka, upinde hupoteza mkunjo wake. Mafundi wa jua kali, kwa mfano wale wa Kariobangi na Gikomba, wana tiba mbili za jadi. Ya kwanza ni kuyafungua mabapa na kuyagonga kwa nyundo ili yarudishe mkunjo. Ya pili ni kuongeza bapa moja au mawili. Tiba hizi ni nafuu na zimewafaa wengi, lakini zina kasoro. Bapa lililopashwa moto kiholela au kuchomelewa hupoteza ugumu liliopewa kiwandani, na hapo linaweza kulegea upya au kukatika. Bapa la ziada nalo halijui tofauti kati ya gari tupu na gari lililosheheni. Siku ya mzigo huwa rafiki. Siku isiyo na mzigo humrusha dereva kama mahindi kwenye kikaango, na magurudumu ya nyuma hurukaruka juu ya barabara ya muramu badala ya kuishika.

Hewa Kama Kamani

Wazo la kukalia hewa si geni kwa yeyote aliyewahi kupanda baiskeli. John Boyd Dunlop alibuni gurudumu lake la mpira wenye hewa mjini Belfast mwaka wa 1888, na tangu hapo gari lolote la kawaida hukalia hewa kabla ya kukalia chuma. Hatua ya kuitumia hewa badala ya kamani zenyewe ilichukua muda zaidi. Nchini Marekani, mabasi ya General Motors yalianza kutumia kamani za hewa mwaka wa 1953, na mwaka wa 1957 gari la kifahari la Cadillac Eldorado Brougham likatoka kiwandani likiwa nazo. Magari mengi ya aina hiyo baadaye yalifungwa kamani za chuma na wenyewe, kwa kuwa hewa ilivuja. Tangu enzi hizo, adui mkuu wa teknolojia hii amekuwa uvujaji.

Mfuko wa hewa wa gari hutengenezwa kwa mpira uliotiwa nyuzi imara ndani yake, mithili ya tairi. Umbo lake ni la aina mbili hasa. Kuna ule wenye mikunjo inayofanana na mandazi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kuna ule wenye umbo la mkono wa shati ambao hujikunja juu ya kitako chake unapokandamizwa. Aina ya kwanza ni fupi na yenye nguvu. Ya pili huwa laini zaidi na husafiri mbali zaidi juu na chini.

Nguvu ya mfuko hupatikana kwa hesabu nyepesi: kanieneo ya hewa huzidishwa kwa eneo inalolisukuma. Chukua mfuko ambao eneo lake la kazi lina kipenyo cha inchi 5, yaani takriban inchi mraba 20. Ukijazwa hadi pauni 50 kwa kila inchi mraba, utabeba pauni 1,000, ambazo ni karibu kilo 454. Mifuko miwili itabeba karibu kilo 907. Ukipunguzwa hadi pauni 5, kila mfuko utabeba kilo 45 tu. Hapa ndipo fadhila kuu ya hewa inapoonekana. Kamani ya chuma huzaliwa na ugumu wake na kufa nao, ilhali kamani ya hewa hufanywa ngumu au laini kwa kuongeza au kupunguza pumzi.

Fadhila ya pili inatokana na kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka wa 1662: hewa iliyofungiwa, ikiwa joto halibadiliki, huongezeka kanieneo kadiri nafasi yake inavyopunguzwa. Mfuko uliojazwa pauni 44, ukikandamizwa na shimo la barabarani hadi robo tatu ya nafasi yake ya awali, utafikia karibu pauni 64. Hivyo basi, kadiri gari linavyozidi kushuka ndivyo hewa inavyozidi kukataa. Ugumu huo unaoongezeka hatua kwa hatua huzuia ekseli isigonge chesisi kwa kishindo.

Njia Mbili za Kufunga

Mwenye pikapu anayetaka hewa ana njia mbili mbele yake, na tofauti baina yazo ni kubwa mno.

Njia ya kwanza ni ya usaidizi. Kamani za mabapa hubakia mahali pake, na mfuko mmoja hupachikwa kila upande kati ya ekseli na chesisi, aghalabu pale palipokuwa na mpira wa kuzuia kishindo. Chuma huendelea kutekeleza kazi zake tatu, nayo hewa huisaidia katika ile ya kwanza pekee. Njia hii haidai kukata wala kuchomelea, na mfuko ukipasuka njiani gari bado lina kamani zake za kulifikisha nyumbani kwa mwendo wa taratibu.

Njia ya pili ni ya uingizwaji kamili. Kamani za mabapa huondolewa na mifuko hushika nafasi yake. Hapa ndipo zile kazi mbili zilizosahauliwa hudai haki yake. Mfuko wa mpira hauwezi kuishikilia ekseli isisogee, wala kuizuia isijipindue. Kwa hivyo ni lazima yaundwe mapao ya chuma, kwa kawaida manne, mawili chini na mawili juu, yanayoiunganisha ekseli na chesisi. Mapao ya juu yasipoelekezwa kimshazari, huhitajika pao la tano la kukingama ili ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Kisha hufuata kompresa, tangi la hewa, valvu za kudhibiti kimo na nyaya za umeme. Kazi hii ni ya mhandisi mwenye vipimo, si ya fundi mwenye makisio. Fundi anayeziondoa kamani, akaweka mifuko na kutumaini kwamba shokabsoba zitaishika ekseli, anamkabidhi mteja gari ambalo ekseli yake itahama siku breki zitakapokanyagwa kwa ghafla.

Kwa pikapu kuukuu ya kazi, njia ya kwanza ndiyo inayofaa, nayo ndiyo itakayofafanuliwa.

Hatua za Kazi

Kazi njema huanza kwa ukaguzi. Mabapa hutazamwa yasiwe na nyufa, hasa karibu na bolti ya katikati na kwenye matundu ya ncha. Bushi hutikiswa kwa mtaimbo, bolti za U hukazwa, na shokabsoba huangaliwa zisiwe zinatokwa na mafuta. Chesisi yenyewe husuguliwa kwa brashi ya waya ili kutu ionekane kina chake. Mfuko wa hewa si dawa ya bapa lililokatika wala chesisi iliyooza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa chesisi ukifichwa kwa mfuko, ukuta wa kujenga huenda ukawa gari zima.

Baada ya ukaguzi hufuata upimaji. Gari tupu huegeshwa mahali tambarare, na kimo hupimwa kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pande zote mbili. Vipimo huandikwa. Bila namba hizo, baadaye hakuna atakayejua kama mifuko imerudisha gari mahali pake au imelipandisha kupita kiasi.

Hatua ya tatu ni kuinua gari. Magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi, kisha sehemu ya nyuma huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi zinazoshika chesisi, si ekseli, ili ekseli ining'inie na nafasi ya kufanyia kazi ipatikane. Jeki pekee haitoshi. Si vyema mtu aingie chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta ya jeki tu.

Hatua ya nne ni kupachika vishikizo. Mpira wa kuzuia kishindo huondolewa iwapo mfuko unashika nafasi yake. Kishikizo cha juu hufungwa kwa bolti kwenye chesisi, na cha chini hubanwa juu ya kamani, pale inapokutana na ekseli. Kitako cha juu na cha chini cha mfuko sharti vitazamane wima, maana mfuko uliopinda hulika upande mmoja. Paipu za breki zinazopita juu ya ekseli hazipaswi kubanwa wala kuguswa na kishikizo chochote. Tairi, bolti na kona zote kali ziachwe mbali na mfuko kwa nafasi ya kidole kizima au zaidi, mfuko ukiwa umejaa. Ekzosi ikipita karibu, huwekwa bati la kukinga joto, kwani mpira na moto havipatani. Isitoshe, mfuko usijazwe kamwe ukiwa mkononi au mezani kabla ya kufungwa pande zote mbili, kwa kuwa hauna cha kuuzuia usitanuke hadi ukapasuka.

Hatua ya tano ni paipu za hewa. Paipu hizi nyembamba za plastiki hukatwa kwa wembe, mkato ulionyooka, wala si kwa koleo, kwa sababu ncha iliyopondeka huvuja. Hupitishwa kando ya chesisi mbali na ekzosi na vitu vinavyozunguka, na ncha zake hutokezwa nyuma ya gari zikiwa na valvu kama ya tairi. Hapa kuna uamuzi mmoja wa maana. Baadhi ya mafundi huunganisha mifuko yote miwili kwa paipu moja ili kupunguza gharama. Matokeo yake ni kwamba gari linapokata kona, mfuko wa upande unaolemewa huisukumia hewa yake kwa mwenzake, gari likazidi kulala upande uleule. Paipu mbili na valvu mbili ndizo salama, nazo humwezesha dereva kusawazisha mzigo uliolalia upande mmoja.

Mwisho, mifuko hujazwa na kila kiungo hupakwa maji ya sabuni. Povu likifuka, kuna tundu. Gari huachwa usiku kucha na kanieneo hupimwa tena asubuhi. Baada ya kilomita mia kadhaa, bolti zote hukazwa upya, na taa za mbele hurekebishwa ili zisiwapofue wanaokuja.

Kujaza kwa Kadiri

Swali linaloulizwa zaidi ni kiasi cha hewa. Watengenezaji wengi wa mifuko ya usaidizi huweka kiwango cha chini kabisa kuwa pauni 5 na cha juu kuwa pauni 100. Mfuko usio na hewa kabisa hujikunja vibaya, ukajibana na kutoboka. Hivyo hata gari tupu halina budi kuachiwa pumzi kidogo.

Jiografia ya Kenya inaongeza neno lake hapa. Kipimo cha gereji hakipimi hewa yote iliyo ndani ya mfuko. Hupima tu ziada yake juu ya hewa iliyo nje. Hewa ya nje ni nyepesi nyanda za juu na nzito pwani. Dereva aliyejaza pauni 5 akiwa Limuru, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, huenda akakuta kipimo kikisoma takriban pauni 2 au zaidi kidogo akifika Mombasa, ilhali hakuna tundu lolote. Asiyejua jambo hili atamlaumu fundi bure.

Kwa upande wa mzigo, chukua magunia 16 ya viazi ya kilo 50 kila moja, jumla kilo 800, yaliyolala moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma. Gari litainama. Dereva anaweza kuijaza mifuko hadi gari lirudi kimo lilichokuwa nacho likiwa tupu. Mifuko iliyotajwa awali itafanya hivyo kwa takriban pauni 44. Lakini kamani ya chuma hubeba kwa kadiri inavyokandamizwa. Ikiwa imerudi kimo chake cha utupu, basi inabeba uzito wa gari tupu pekee, na kilo zote 800 zimetua juu ya mifuko. Kamani ya mabapa huupeleka uzito kwenye chesisi katika sehemu mbili zilizoachana, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko huupeleka mahali pamoja, juu ya ekseli. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli hiyo, chesisi hupinda pale pale kama muwa unaovunjiwa gotini. Nchini Australia, ambako pikapu huvuta nyumba za magurudumu, chesisi zilizopinda kwa namna hii ni jambo linalojulikana.

Busara basi ni kujaza nusu: gari liruhusiwe kuinama kidogo, chuma kibebe fungu lake na hewa fungu lake. Katika mfano huu, pauni 22 hivi zingegawa mzigo karibu sawasawa. Uzuri wa pikapu iliyosimama wima isivyo kawaida chini ya tani ya viazi ni uzuri wa kutiliwa shaka.

Breki Zinazodanganywa

Jambo ambalo wauzaji wa mifuko hulitaja kwa nadra ni valvu ya breki. Hilux nyingi za miaka hiyo zina valvu iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa ufito au kamani ndogo. Kazi yake ni kukadiria mzigo. Bodi inapoinama, ufito husukumwa, na valvu huruhusu nguvu zaidi ya breki kufika magurudumu ya nyuma. Bodi inapokuwa juu, valvu huelewa kwamba gari ni tupu, ikapunguza nguvu hiyo ili magurudumu mepesi ya nyuma yasifunge na kuteleza.

Sasa mifuko ya hewa inapoiinua bodi iliyosheheni, valvu hudanganywa. Hudhani gari ni tupu wakati limebeba kilo 800. Breki za nyuma hupata nguvu haba, breki za mbele hulemewa na kupata moto, na mwendo wa kusimama hurefuka. Kwenye barabara tambarare dereva huenda asing'amue kitu. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, nyuma ya lori linalotambaa, atang'amua akiwa amechelewa. Kwa hivyo kufunga mifuko bila kuirekebisha valvu hii kwa vipimo vya mtengenezaji wa gari ni kazi isiyokamilika. Fundi asiyeijua valvu hiyo iko wapi hafai kukabidhiwa kazi hii, hata awe hodari wa spana kiasi gani.

Yasiyobadilishwa na Hewa

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Mfuko wa hewa hubadilisha kimo cha gari na ulaini wake. Haubadilishi uwezo wa gari kubeba. Uwezo huo ulipangwa kiwandani kwa kuzingatia ekseli, beringi, breki, tairi na chesisi kwa pamoja, na mnyororo huo hukatikia kwenye pete iliyo dhaifu zaidi.

Tairi zatosha kuwa ushahidi. Ubavuni mwa kila tairi huandikwa namba ya uzito inaoweza kuhimili. Namba 100 ina maana ya kilo 800, na namba 106 ina maana ya kilo 950. Tairi mbili za nyuma zenye namba 106 hazipaswi kubeba zaidi ya kilo 1,900 kwa jumla, na katika hesabu hiyo umo uzito wa gari lenyewe unaolalia nyuma. Hakuna kiasi cha hewa ndani ya mfuko kinachoweza kuibadilisha namba iliyochongwa kwenye tairi.

Hatari ya mifuko imo katika ukimya wake. Pikapu inayoinama humwonya mwenyewe, humwonya askari wa barabarani, na humwonya abiria. Ikifungwa mifuko, onyo hilo hunyamazishwa, na mzigo wa kilo 1,500 huonekana kama wa kilo 500. Mizani za Mariakani, Athi River na Gilgil zinawalenga wenye malori; sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito inahusu magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na zaidi. Pikapu ndogo aghalabu hupita bila kupimwa. Mizani yake ni dhamiri ya mwenyewe.

Kwa nani basi mifuko hii ina manufaa? Inamfaa mtu ambaye mzigo wake hubadilika: mkulima anayekwenda sokoni na kilo 700 na kurudi mikono mitupu, au fundi wa mabomba anayebeba vyuma Jumatatu na familia Jumapili. Huyo atanufaika kwa gari laini likiwa tupu na thabiti likiwa na mzigo halali. Haimfai anayebeba uzito uleule kila siku. Kamani mpya za mabapa zenye vipimo sahihi zitamtumikia kwa gharama ndogo na usumbufu haba. Wala haimfai kabisa anayetafuta kuongeza tani ya pili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kamani ya mabapa ina kazi tatu, na kwamba hewa yaweza kusaidia moja tu kati ya hizo. Yameeleza pia kwamba ufungaji wenyewe si mgumu kwa fundi makini, ila ugumu umo katika mambo yasiyoonekana: mgawanyo wa mzigo kwenye chesisi, valvu ya breki, na namba za tairi.

Kuna funzo la pili kwa wapenzi wa Kiswahili. Dhana zote zilizofafanuliwa hapa zimeelezwa kwa maneno ambayo ama yamo kamusini, kama kamani, bapa, pingu na kanieneo, ama yamo vinywani mwa mafundi, kama springi, bushi, chesisi na ekzosi. Maneno ya kundi la kwanza yanahitaji kushuka hadi gereji, na ya kundi la pili yanahitaji kupanda hadi maktaba. Fundi wengi hujifunza kazi kwa kutazama, kwa kuwa maandishi yanayofungashwa pamoja na mifuko hiyo huwa kwa lugha wasiyoisoma kwa urahisi. Onyo kuhusu valvu ya breki likibaki katika karatasi isiyosomwa, halimwokoi mtu. Likiandikwa kwa lugha anayoisema fundi huku akishika spana, yumkini pikapu moja zaidi itasimama kwa wakati chini ya mteremko, pamoja na viazi vyake na watu wake.